KUKU AMEATAMIA SIKU 21, MBONA VIFARANGA HAWAKUTOKA?



Katika kazi zote zifanywazo bomani mwa mkulima, sidhani iko inayotaka subira kuliko ile ya kuku anayeatamia. Kwa siku 21 hukaa mahali pamoja, hula kidogo na kunywa kidogo, mwili ukakonda na upanga wake wa kichwani ukapauka, hali mwenye nyumba naye akihesabu siku. Kisha siku yenyewe ifikapo, katika mayai 12 hutoka vifaranga watatu, na mayai tisa hubaki kiotani kama mawe. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema ni radi iliyonguruma juma lililopita; wa pili husema ni jicho la jirani aliyepita akachungulia; wa tatu husema kuku mwenyewe hana bahati, afadhali achinjwe. Basi kuku huchinjwa, jirani hununiwa, na sababu ya kweli hubaki palepale ikimngoja kuku mwingine.

Jambo hili si dogo, ingawa wanaume wengi huliona dogo. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, kisha huatamia, kisha hulea. Naye akiachwa kwa desturi yake hufanya hivyo mara tatu hivi kwa mwaka. Kwa hiyo mkupuo mmoja ukiharibika, theluthi ya kazi ya kuku huyo kwa mwaka mzima imekwisha potea. Katika nyumba nyingi kuku ni mali ya mama, na ndiko zitokako shilingi za sabuni, za chumvi, za daftari na sare za watoto. Mwenye ng'ombe akifiwa na ndama humwita daktari wa mifugo siku ileile. Lakini mama akipoteza vifaranga tisa, huzoa mayai akayatupa shimoni, na hakuna amwulizaye neno.

Kwanza tuweke kipimo. Kuku mzuri aliyewekewa mayai 12 mazuri yapasa atotoe vifaranga tisa au kumi. Yai moja au mawili kuharibika si ajabu. Lakini wakitoka chini ya wanane, iko sababu, na sababu hiyo yaweza kutafutwa. Wahenga walisema kuku havunji yai lake; nasi tukichunguza tutaona kwamba mara nyingi kosa lilikuwako kabla kuku hajalala juu ya mayai hata siku moja.

YAI LISILO NA MBEGU

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kwamba yai halikuwa na mbegu ya jogoo. Kuku hutaga hata kama hakuna jogoo, na yai lake laliwa vizuri sana, lakini haliwezi kutoa kifaranga. Ndivyo yalivyo mayai ya gredi yauzwayo dukani, maana mashamba makubwa ya mayai hayafugi jogoo pamoja na kuku wao. Mtu akinunua trei dukani akamwekea kuku, hata kuku huyo akiatamia miezi mitatu hataona kitu.

Lakini liko jambo jingine ambalo huwapotosha hata wafugaji wa siku nyingi. Kuku akipandwa na jogoo, mbegu hukaa hai ndani ya mwili wake kwa muda wa majuma mawili hivi, nazo huendelea kurutubisha mayai yatagwayo siku hizo. Sasa fikirini: mgeni mheshimiwa amekuja, au sikukuu imefika, na baba akamchinja jogoo. Juma linalofuata mayai bado ni mazuri, na watu husema, "Kumbe jogoo hana kazi kubwa." Juma la tatu mbegu zimekwisha, lakini mama hajui, naye ndio kwanza anakusanya mayai ya kuatamiwa. Jogoo aliliwa mwezi uliopita, na hasara yaonekana leo. Kwa hiyo nawasihi akina baba: kabla hamjamkamata jogoo, ulizeni nyumbani kama kuna kuku anayetaga mayai ya kutotoa.

Jogoo mmoja mwenye afya atosha kuku 10 hivi. Akiwekewa 25 hawezi kuwafikia wote, hasa akiwa mzee, au mwenye vidonda vya miguu, au mwenye njaa. Ukileta jogoo mpya mahali pasipokuwa na jogoo, ngoja juma moja na siku kadhaa kabla ya kuanza kukusanya mayai.

Kadhalika tazama ukoo. Jogoo akikaa bomani miaka mitatu, huwapanda binti zake na wajukuu zake, na kizazi kikiingiliana hivyo mayai huzidi kufa mwaka hata mwaka. Badilishana jogoo na rafiki wa mbali kila mwaka, haigharimu kitu. Na kwa wale wafugao kuku wa miguu mifupi sana, wale ambao tumbo lakaribia kuburura chini, wajue ya kwamba hao wana ajabu yao. Walter Landauer, mtaalamu aliyefanya kazi Connecticut, Marekani, aliwachunguza sana kuku wa namna hiyo tangu miaka ya 1930. Ilionekana kwamba jogoo mfupi akimpanda kuku mfupi, robo ya vifaranga hufa ndani ya yai, wengi wao katika siku chache za kwanza, kwa ajili ya urithi walioupata pande zote mbili. Dawa yake ni rahisi: kuku mfupi apandwe na jogoo wa miguu ya kawaida.

YAI LILILOKAA MNO

Sababu ya pili ni kukaa. Kuku atagaye yai moja leo na jingine kesho kutwa, atachukua majuma mawili au matatu kufikisha mayai 12. Yai la kwanza litakuwa kongwe siku ya kuanza kuatamia. Yai lililo bora kwa kutotoa ni lile lisilozidi siku saba. Likipita siku 10, nguvu yake yaanza kupungua kila siku.

Joto nalo huongeza madhara. Uhai ulio ndani ya yai hulala usingizi yai likiwa katika ubaridi, nao huamka joto likizidi nyuzi 20 hivi. Chumba chenye paa la bati kule Kisumu, Mombasa au Garissa hupita nyuzi 30 wakati wa adhuhuri. Basi mchana uhai huamka na kuanza kukua, usiku hulala, kesho huamka tena, mpaka unachoka na kufa kabla kuku hajalijua yai hilo. Na yai lililolazwa ndani ya friji nalo hupata ubaridi kupita kiasi. La kutotoa lisiwekwe humo.

Kwa hiyo fanya hivi. Okota mayai kila siku, ukiacha kiotani yai moja la zamani ulilolitia alama, ili kuku asihame. Andika tarehe juu ya ganda kwa kalamu ya risasi. Yaweke ndani ya kikapu chenye mchanga au pumba, mahali penye kivuli na hewa, pengine karibu na mtungi wa maji, upande mwembamba ukitazama chini. Siku ya kumwekea kuku, chagua mayai mapya, na mengine peleka jikoni.

Usiyaoshe. Ganda la yai lina matundu madogo kwa maelfu, ambayo kifaranga hupumulia, na juu yake pana utando mwembamba uzuiao vijidudu. Ukiosha unaondoa utando huo, na maji machafu huingia ndani. Ukilishika kwa mikono yenye mafuta unaziba matundu. Lenye uchafu mkavu kidogo lisuguliwe taratibu kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana liliwe. Liache pia lenye ufa, lililo kubwa mno, lililo dogo mno na lenye umbo la ajabu. Na mayai yaliyoletwa kutoka mbali kwa baiskeli au matatu, yakatikisika njiani, yapumzishwe siku moja kabla ya kuatamiwa.

KUKU NA KIOTA CHAKE

Tukifika kwa kuku mwenyewe, jambo la kwanza ni hesabu. Kuku wa kienyeji wa kawaida aweza kuyafunika vizuri mayai 10 hadi 12. Watu wenye tamaa humwekea 18. Hapo mayai ya pembeni hubaki nje ya manyoya na kupoa. Naye kuku, kwa kuwa huyageuza kila siku, huyaingiza ndani yale yaliyopoa na kuyatoa nje yale yaliyokuwa na joto. Mwisho wa mambo yote 18 yamepata zamu ya baridi, na aliyetaka vifaranga 18 hupata watano. Joto litakiwalo ni nyuzi 37 na nusu za Sentigredi.

Kiota kiwe mahali pa giza kidogo na kimya, pasipofikiwa na mbwa, panya, siafu wala watoto. Sanduku lenye upana wa kama sentimita 35 kila upande latosha. Tandika udongo kidogo chini, uufanye kama sahani ili mayai yasitawanyike, na nyasi kavu juu. Ikikupasa kumhamisha kuku, mhamishe usiku, naye awekewe mayai ya uongo kwa siku mbili. Akitulia ndipo umpe mayai ya kweli.

Msimwache kuku anayeatamia pamoja na wenzake. Kuku wengine huja kutaga katika kiota chake, na kila siku yai jipya huongezeka. Siku ya 21 vifaranga wa kwanza hutoka, mama huondoka nao, na mayai ya nyuma, ambayo yalikuwa hai na yamebakisha siku tatu au nne tu, huachwa yafe kwa baridi. Ukifungua mayai hayo utaona vifaranga karibu kamili. Huo si ugonjwa. Ni kukosa mlango. Kama huna chumba cha peke yake, yatie mayai ya kwanza alama ya makaa, na kila jioni uondoe yasiyo na alama.

Adui mwingine ni utitiri. Huo hujificha mchana katika nyufa za mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Kuku asiyelala usiku huinuka mara kwa mara, na mwishowe hukimbia kabisa, na watu humwita mvivu. Choma nyasi za zamani kabla ya kila mkupuo, safisha sanduku kwa maji ya moto, tia majivu makavu chini ya nyasi mpya, na umpe kuku mahali pa kuoga mavumbi. Ikiwa utitiri umezidi, mwulize afisa wa mifugo wa kata yako dawa iliyo salama. Katika miaka ya 1950 wengi walinyunyiza DDT, lakini Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliibana dawa hiyo isitumike katika kilimo, maana hudumu miaka mingi katika udongo na katika miili ya viumbe.

Tena kuku apewe nafaka na maji safi karibu na kiota. Akitoka robo saa au dakika 20 kwa siku ili ale, anywe na kujisaidia, mayai hayadhuriki hata kidogo. Lakini akilazimika kutembea shambani saa mbili akitafuta chakula, asubuhi ya baridi kule Limuru au Kinangop, ni shauri jingine.

CHAKULA NA MARADHI

Kifaranga hujengwa kwa vitu vilivyomo ndani ya yai, na hivyo hutoka katika chakula cha mama. Kuku alaye mahindi matupu hutaga, lakini yai lake lina upungufu, hasa wa vitamini A na vitamini B2, na kifaranga hufa katikati ya safari. Mpe majani mabichi ya sukuma wiki au mchicha, dagaa kidogo, na maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa kwa ajili ya chokaa. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe. Ni sumu kwake kama yalivyo sumu kwetu.

Yako na maradhi yapitayo kutoka kwa mama hata ndani ya yai. Mojawapo ni ule ugonjwa wa vifaranga kuhara kweupe na kufa katika majuma ya kwanza. Kuku ambaye vifaranga wake wamekufa hivyo mara kwa mara asiwekwe kwa ajili ya mbegu, na afisa wa mifugo aarifiwe. Kideri nacho, ambacho wengi wetu twakiita Newcastle, hata kuku akipona huweza kuharibu utagaji na ganda la yai. Chanjo yake ni ya bei ndogo kuliko kuku mmoja.

KUSOMA MAYAI

Sasa twafika penye jambo ambalo napenda kila msomaji alishike. Yai lililoharibika husema sababu ya kuharibika kwake, kwa mtu ajuaye kulisoma.

Siku ya saba, usiku, chukua tochi, au taa ya simu yako, uweke upande mnene wa yai juu ya mwanga huku vidole vikizuia nuru isitoke pembeni. Ukiona mishipa myekundu imetawanyika kama utando wa buibui, yai li hai. Ukiona mwanga mtupu, yai halina mbegu. Ukiona pete nyekundu ya damu bila mishipa, uhai ulianza ukafa. Yasiyo hai yaondolewe, kwa sababu yai viza laweza kupasuka na kuyachafua mazima.

Siku ya 22 au 23, mayai yaliyobaki usiyatupe shimoni upesi. Yapeleke mbali kidogo na nyumba, uyavunje moja moja, na utazame. Yakiwa mengi hayana kitu, mlaumu jogoo, au aliyemchinja. Yakiwa na pete ya damu au mtoto mdogo kama haragwe, mayai yalikaa mno, au yalipata joto kabla ya wakati, au yalitikiswa. Watoto wakifa katikati, wenye manyoya yaliyojikunja kama mafundo, tazama chakula cha mama. Wakiwa wamekamilika lakini hawakutoboa ganda, kuku aliondoka mwishoni, au mayai yalikuwa ya tarehe mbalimbali, au ukavu ulizidi. Kuhusu radi, nimewasikia wazee wakiweka msumari kiotani ili kuikinga. Msumari haudhuru, lakini hausaidii. Mngurumo wa mawingu hauui kifaranga.

Ukavu huo huonekana hasa katika nchi kame kama Kitui na Baringo. Ule udongo wa chini ya kiota husaidia. Siku chache za mwisho waweza kuunyunyizia maji kidogo pembeni. Lakini msiwasaidie vifaranga kutoka kwa kubandua ganda. Kifaranga akitoboa tundu hupumzika, pengine siku nzima, huku akimaliza kuvuta kiini kiingie tumboni na damu ikirudi mwilini kutoka katika utando. Ukimbandua mapema, damu humwagika. Na kiini hicho ndicho chakula chake cha siku mbili tatu za kwanza, kwa hiyo asipokula upesi usihangaike.

DAFTARI YA KUKU

Sisi tufanyao kazi za ofisini twajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mnunulieni mama wa nyumba daftari ndogo, au mpeni mtoto wa shule kazi hiyo. Iandikwe: jina au rangi ya kuku, tarehe ya kuanza, mayai mangapi, siku ya saba yalikuwa hai mangapi, vifaranga wangapi walitoka, na yaliyobaki yalionekanaje. Baada ya mikupuo mitatu daftari itasema wazi ni kuku gani afaaye kuwekwa na yupi apelekwe sokoni, wala hapatakuwa na haja ya kumnunia jirani.

Na kwa wenye kuku wawili au watatu wanaotaka kuatamia wakati mmoja, waanzisheni siku moja. Siku ya saba mkiisha kuyapima mayai, yaliyo hai yakusanyeni chini ya kuku wachache, wala yasizidi 12 kwa kila mmoja; kuku aliyebaki bila mayai aachiliwe arudi kutaga mapema. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa wale waliochanganya kuku wao na jamii za kigeni, kama ilivyofanyika sana tangu mwaka 1976, serikali ya Kenya iliposaidiwa na Uholanzi kueneza majogoo bora vijijini. Kuku wa machotara hutaga mayai mengi, lakini wengi wao wamesahau kuatamia. Kwa hiyo yule kuku mdogo wa kienyeji, mwenye manyoya ya vumbi, ambaye wengi humdharau, ndiye mashine ya kutotoa isiyotaka umeme. Asichinjwe kwa kosa la mtu mwingine.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutazungumza juu ya malezi ya vifaranga katika majuma sita ya kwanza, na namna ya kuwakinga na mwewe.